Leta Makelele Yako

Yaya Veronika,

Juzi, siku ya arobaini, tumetoa matanga yako. Viti vya kuazima vimerudi parokiani, masufuria yamerudi kwa majirani, turubai limekunjwa, na mimi nimebaki na maneno mengi ambayo hayana pa kwenda. Unanijua. Neno lisiponitoka mdomoni hunitoka kwa kalamu, na likikosa njia zote mbili silali. Kwa hiyo nakuandikia.

Nakuita Yaya kama nilivyokuita siku zote, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Wewe Mtabwa wa Kirungu, Mkatoliki, mtoto wa baridi ya milima ya Marungu. Mimi mjukuu wa wafanyabiashara wa ziwa, Mwislamu, niliyezaliwa na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, puani. Shule moja ilitukutanisha, wewe na fizikia yako, mimi na historia yangu, na vita ikatufungia humo kama watu wawili waliokwama kwenye pirogi moja katikati ya ziwa. Nashukuru ilitukwamisha. Sikuwahi kukuambia hivyo. Nakuambia sasa.

Kwenye matanga alisimama yule bwana wa biro, ile ofisi ya elimu, unamfahamu, anayesema kila sentensi kama anakabidhi zawadi. Akakohoa, akasema: "Huyu mama yetu alikuwa na akili nyingi sana. Bahati mbaya, akili yake ilitangulia mbinguni miaka mingi mbele yake." Watu wawili watatu wakacheka kwa adabu. Yaya, nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na unajua kinachotokea nikiufungua. Lakini mtu mmoja alinitangulia. Nitakuambia ni nani, ila si sasa. Ulinifundisha mwenyewe kupanga mambo kwa saa zake.

Kwanza nikushukuru kwa siku uliponidhalilisha mbele ya mji mzima.

Unakumbuka. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa vita. Mishahara imekatika, barabara ya kusini imefungwa, posta imekufa, na wenye bunduki wanabadilisha majina ya ofisi kila mwezi. Mimi nilikuwa na gazeti langu la ukutani, karatasi nilizoandika kwa mkono na kubandika kwenye ukuta wa duka la marehemu baba yangu, duka lililofungwa tangu bidhaa zilipoacha kuvuka ziwa. Nilikuwa nampiga kila mtu pale kwa kalamu. Nilikuwa nimechoka kuwapiga wakubwa, nikatafuta mtu mpya, nikakupata wewe. Niliandika: "Mji hauna chumvi. Mji hauna dawa. Na shule yetu ina mwalimu anayewafundisha watoto habari za galaksi. Kwa faida ya nani?"

Kesho yake nikakuta watu wamejaa ukutani, wanacheka. Chini ya maneno yangu ulikuwa umeandika kwa chaki: "Njoo darasani Jumamosi, Kasimu. Leta makelele yako, tutayatumia."

Kinyozi wa upande wa pili wa barabara alinipigia kelele mbele ya wote: "Papa Kasimu, utaenda, ama unaogopa mwanamuke?" Nilienda. Nilienda nimebeba hoja kama mtu anayebeba mawe.

Na wewe hukujibu hata moja. Uliwaweka wanafunzi wawili wa mwaka wa sita kwenye pembe mbili za uwanja, wamegeuziana migongo, kila mmoja na ukanda mrefu wa karatasi. Ukawaambia wavute kalamu kwa mwendo uleule, bila haraka, na kila wanaposikia sauti waweke mstari. Sauti yoyote. Halafu ukachukua punje za mahindi makavu, ukaanza kuzirusha kwenye mabati ya paa, mara mbili za haraka, mara moja, ukangoja, mara tatu. Upande mmoja kulikuwa na kuku na mtu anatwanga. Upande mwingine kulikuwa na karakana ya baiskeli na mtoto analia. Watoto waliandika vyote, mahindi na kuku na nyundo, bila kubagua.

Ukazibandika kanda mbili kwenye tablo, ubao wa darasa, moja juu ya nyingine. Hazikufanana hata kidogo. Uchafu mtupu. Nikacheka kwa sauti ili usikie. Ukaanza kuusogeza ukanda wa chini, polepole, kushoto, kushoto tena, na ghafla mistari ya mahindi ikakaa juu ya mistari ya mahindi. Mistari ya kuku na ya nyundo haikupata mwenzake. Mahindi yalipata. Darasa lilipiga makofi. Nami nilipiga, Yaya, nami nilikuwa nimekuja kupigana.

Ndipo ukatuambia ulichofanya kule Ulaya miaka yote ile.

Ulisema mbinguni kuna galaksi ambazo kiini chake kinawaka kuliko nyota zake zote, na zile zilizo mbali zaidi, kali zaidi, zinaitwa kwazari. Ndani ya kiini, mnavyoamini, kuna shimo jeusi linalomeza gesi na vumbi, na kabla vitu havijamezwa hupata moto na kupiga kelele kwa mawimbi ya redio. Kelele hizo zinasafiri mpaka zinatufikia zimechoka, hafifu kuliko chochote. Ukizisikiliza kwa sahani moja ya kunasa mawimbi, hata iwe pana kama uwanja wa mpira, unaona nukta. Nukta tu. Mawimbi ya redio ni marefu, yanahitaji jicho pana mno, na hakuna anayeweza kujenga sahani pana kama dunia.

Kwa hiyo mlitumia dunia yenyewe. Sahani moja bara hili, nyingine ng'ambo ya bahari, nyingine kusini kabisa. Kila kituo kinasikiliza kwazari ileile kwa wakati uleule, peke yake, bila kuongea na mwenzake, na kinarekodi kila kitu kwenye kanda, pamoja na makelele ya mashine zake na ya anga lake. Kila kituo kina saa ya atomi, isiyopotea hata chembe ya sekunde. Kisha kanda zinakusanywa mahali pamoja, na mashine inazisogeza moja juu ya nyingine kama ulivyosogeza karatasi, mpaka zikutane. Na zikikutana, nukta inafunguka. Unaona kiini. Unaona mchirizi unaotoka ndani yake, mwembamba, na mabonge ndani ya mchirizi yanayosogea mwaka hadi mwaka.

Nakumbuka ulivyosema neno hilo, "inafunguka". Ulifungua kiganja chako.

Wanafunzi walitaka kujua kuhusu yale mabonge, kwa sababu ulisema kuna mengine yaliyoonekana kukimbia kuliko mwanga, na wao walikuwa wamekariri kwamba hakuna kinachoushinda mwanga. Ulifurahi sana kwa swali lile. Ukasema hayaushindi. Yanatujia karibu uso kwa uso, na kitu kinachokuja moja kwa moja usoni mwako, kwa kasi ile, huonekana kikali zaidi na cha haraka zaidi kuliko kilivyo, na mwenzake anayekwenda upande wa pili pengine humwoni kabisa. Mimi niliandika hilo na kulipigia mstari. Wewe ulikuwa unasema habari za galaksi. Mimi nilikuwa nafikiria habari za vita, jinsi zinavyotufikia.

Na ulitusimulia kosa. Hili ndilo lililookoa mtu, kwa hiyo naliandika lote, ingawa unalijua. Ulikuwa bado kijana kule, wamekupa kazi ya kutafuta mahali ambapo kanda za vituo viwili zinakutana. Ukasogeza, ukasogeza, hakuna kitu. Mkuu wako akasema kituo kile cha mbali ni kibovu, tupa kanda zake. Hukutupa. Ukapiga simu, ukauliza swali la kijinga: umeme ulikatika kwenu? Wakasema ndiyo, ulikatika, wakawasha tena, wakairekebisha saa. Waliirekebisha vibaya, kwa sekunde moja. Sekunde moja tu, na kwazari ikapotea. Ulipozisogeza kanda kwa sekunde ile, ikatokea, safi kabisa. "Kanda zilikuwa zinasema kweli," ulituambia, "saa njo ilikuwa inadanganya. Kituo kikikataa kukubaliana na wengine, hapana kukitupa. Ulizeni kwanza saa yake ni ya wapi."

Niliona ni hadithi nzuri. Sikuona kwamba siku moja nitaihitaji kama mtu anavyohitaji maji.

Sasa boti.

Sitaandika yote, dada yangu Salima bado hapendi yaandikwe. Alikuwa anatoka Kigoma na vitenge, katika boti ya mizigo iliyojaa watu, na kusini ya Kabimba, nyuma ya ile rasi ya mawe, wenye bunduki waliizuia kwa mtumbwi wa injini. Wakapiga risasi. Wakachukua kila kitu. Salima alirudi nyumbani na jeraha la mkono. Wengine hawakurudi. Mji uliposikia, ulikuwa na swali moja: ni nani aliyewaambia kwamba boti inapita?

Na mji ukajijibu. Asubuhi ile moshi mzito ulionekana Kabimba. Kiwanda cha saruji kimesimama tangu vita ianze, tanuru zimepoa, hakuna anayechoma chokaa. Na asubuhi ileile, mtu mmoja, Papa Kabeya, aliyewahi kufanya kazi kiwandani, anawasha tanuru yake ndogo ya mawe nyuma ya nyumba. Mluba wa Manono, wala si mtu wa ziwa. Unaona jinsi jambo linavyojipanga lenyewe. Ishara ya moshi. Ilikuwa wazi.

Mimi sikuamini maneno ya mtaani, nina kiburi hicho. Nikafanya uchunguzi. Salima aliniambia risasi zilianza saa nne, aliitazama saa yake ya mkononi kwa sababu nahodha alikuwa ameahidi kufika kabla ya adhuhuri. Nikaenda mpaka Kabimba, nikamwuliza muuguzi wa dispensari, mtu makini, akaniambia moshi ulianza saa tatu na nusu. Nusu saa kabla. Nusu saa ya kuwafanya wenye bunduki waingie kwenye mtumbwi. Katika kijiji cha upande wa huku wa rasi nilimhoji pia katekista mmoja mzee, akasema alisikia risasi saa tatu. Nikamfuta. Nilijisemea mzee huyu saa yake ni jogoo.

Niliandika usiku kucha. Yaya, lilikuwa andiko zuri. Naomba radhi kusema hivyo, lakini lilikuwa zuri, lilikuwa na hasira iliyopangwa vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, na katikati yake lilikuwa jina la Papa Kabeya kwa herufi kubwa. Mkono wa Salima ulikuwa bado umefungwa bandeji chumba cha pili. Vijana wa sokoni walikuwa wananingoja. Mmoja aliniambia, kwa upole kabisa, kama mtu anayejitolea kukubebea mzigo: "Papa Kasimu, wewe andika tu jina. Mengine utuachie sisi."

Nilijua maana ya "mengine". Kila mtu aliijua.

Nilikuletea ulisome kwanza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikuwa na desturi ya kumpa mtu asome kabla ya kubandika. Nadhani nilitaka unisifu.

Ulisoma ukiwa umesimama mlangoni, mikono ina unga, sufuria ya bukari, ugali wako, jikoni. Hukuniambia mimi ni mtu mbaya. Uliuliza: "Umekata nini?"

Nikasema sikukata kitu. Ukasema: "Kasimu, kila muntu anaongea zaidi ya hapa. Muuguzi hawezi kukuambia moshi peke yake. Umekata nini?"

Nikakwambia nimeacha upuuzi. Mambo ya mbuzi, mambo ya hewa, mambo ya kipindupindu, watu huongea. Ukaweka mwiko chini. Ukasema: "Umetupa makelele. Na umetupa kituo kizima, yule katekista. Sasa unanionyesha nukta moja na unataka niseme ni uso wa muntu." Halafu ukasema maneno ambayo bado nayasikia: "Nipe siku mbili. Kama ni yeye, atakuwa ni yeye hata kesho kutwa. Kama si yeye, hapana siku ya kumrudisha."

Nilikasirika. Nilikuambia mambo ambayo siyaandiki hapa. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukaniuliza kama nina baiskeli au nataka yako.

Nikarudi, kwa baiskeli yako, kwa katekista, kwa muuguzi, na mwisho kwa Salima, nikawauliza kama ulivyoniagiza: kila kitu mlichosikia na kuona asubuhi ile, hata kuku. Niliona aibu kuuliza. Na wakaongea! Mbuzi aliyekata kamba. Mtoto aliyeanguka kwenye kisima. Upepo uliogeuka. Muuguzi akarudia kile kipande nilichokikata mara ya kwanza: kwamba Papa Kabeya aliwasha tanuru kwa sababu dispensari ilimwomba chokaa, kipindupindu kilikuwa kimeanza na vyoo vilihitaji chokaa. Aliniambia hivyo tangu mwanzo, Yaya. Niliona ni makelele.

Na wote watatu, bila kuulizwa, walitaja ndege. Ile ndege kubwa ya mizigo iliyokuwa ikishuka uwanjani kwetu, inapita chini juu ya maji mpaka mabati yanatetemeka. Ilipita mara moja tu asubuhi ile.

Uliketi na kanda tatu za karatasi mezani pako, umeondoa sahani. Muuguzi: moshi saa tatu na nusu, ndege saa nne. Katekista: risasi saa tatu, ndege saa nne. Salima: risasi saa nne, ndege saa tano. Uliusogeza ukanda wa Salima kwa kidole, polepole, mpaka ndege yake ikakaa juu ya ndege zao. Saa nzima. Na risasi za Salima zikashuka zikakaa juu ya risasi za katekista, saa tatu kamili, na moshi wa Papa Kabeya ukabaki peke yake, nusu saa baada ya risasi za kwanza.

Ukaniuliza: "Saa ya Salima ni ya wapi?"

Yaya, kwetu kuna saa ukutani tangu enzi za babu yangu. Inasoma saa ya Kigoma. Boti zilikuwa zinatoka kule, bidhaa zinatoka kule, kwa hiyo watu wa familia yetu waliishi Kalemie kwa saa ya Kigoma, saa moja mbele ya majirani, na mama yangu alijua kujumlisha na kutoa bila kufikiri, kama anavyoonja chumvi. Salima huvaa saa yake hivyo hivyo. Mimi nimekulia chini ya saa ile! Shuleni nilikuwa natoa saa moja kila asubuhi nikiwa mtoto, ili mwalimu asinipige. Katika mji huu wote mtu wa kwanza ambaye angepaswa kuuliza swali lile ni mimi. Sikuliuliza kwa sababu lilikuwa karibu mno na pua yangu.

Nilicheka. Unakumbuka nilivyocheka? Kisha nikashindwa kucheka. Uliniletea maji.

Niliandika upya. Tulipigana tena, kwa sababu mimi nilitaka, kwa kuwa si Kabeya, basi tupate mwingine, na nilikuwa na majina. Ukasema hapana. Ukasema kuna kwazari ambazo hata kwa sahani zilizoachana upana wa dunia nzima hubaki nukta, na mtaalamu mwaminifu huandika hivyo: haikufunguka. Nikabandika karatasi fupi kuliko zote nilizowahi kubandika. Ilieleza zile kanda tatu na ile ndege, na ilimalizika hivi: "Hatujui ni nani. Tunajua si huyu." Vijana wa sokoni walisoma, wakasoma tena, mmoja akasema, "Ah, Papa Kasimu amezeeka," wakaondoka. Walirudi kwenye karata zao. Sijawahi kufurahi hivyo kuitwa mzee.

Hayo ndiyo ninayokushukuru. Umeniokoa nisiwe mtu fulani ambaye ningelazimika kuishi naye maisha yangu yote. Na Papa Kabeya umemwokoa kabisa kabisa, bila maelezo.

Sasa habari za baada yako.

Homa iliyokuchukua ina dawa, nimeambiwa, na dawa ilikuwa ng'ambo ya ziwa. Nina andiko juu ya hilo. Limekamilika, ni kali, na silibandiki bado, kwa sababu nimemhoji mtu mmoja tu. Unaona ulivyoniharibu.

Mjini kuna maneno mapya. Mtu akileta habari sokoni, watu humwuliza: "Ile saa yako ni ya wapi?" Huulizwa wauza samaki, huulizwa walevi, juzi ameulizwa askari mmoja kwenye kizuizi na akacheka mwenyewe. Wengi hawajui lilikotoka. Sikuwaeleza wote. Linatembea vizuri peke yake.

Salima amepona mkono. Amekataa kubadilisha saa yake. Anasema, "Mimi ni mufanyabiashara, saa yangu njo hii, ninyi mutoe hesabu." Sawasawa na mama.

Wanafunzi wako wa mwaka wa sita wamebaki bila mwalimu wa fizikia, na mkuu wa shule aliona heri Jumamosi wapumzike. Walikataa. Walikuja kwangu, Yaya, kwa mwalimu wa historia. Nimewaambia sijui hesabu zile. Wakasema wanazo, wanataka mtu wa kubishana naye. Hivyo nasimama mbele ya tablo yako na kutetea kila kitu cha uongo ninachoweza kukitetea, na wao wananipiga kwa fizikia. Wiki iliyopita nilisema kwa sauti kubwa kwamba sahani mbili zilizo karibu zinatosha, za nini gharama za kuvuka bahari. Msichana mmoja akanijibu kwamba zilizokaa karibu husikia majirani walewale. Nikanyamaza. Ulikuwa unanyamaza hivyo, ukishindwa na mtoto, na uso wako unang'aa.

Sasa yule aliyenitangulia kwenye matanga.

Hatukuweza kukupeleka Kirungu. Barabara bado imefungwa na wenye bunduki wa upande ule hawamwamini mtu anayebeba maiti. Nilijua ulitaka kulala kule juu, kwenye baridi, karibu na nyumba ya mama yako, ambaye ndiye aliyekurudisha kutoka Ulaya na ambaye hukumwona tena tangu vita ianze. Tumekuzika hapa, kwenye mteremko, udongo mwekundu unaokwenda na mvua. Sikupenda kaburi lile.

Yule bwana wa biro aliposema akili yako ilitangulia mbinguni, na mimi nikasimama, sauti ilitoka nyuma, karibu na masufuria. Mtu mfupi, mikono imebabuka, nguo zina vumbi jeupe. Papa Kabeya. Alikuwa ametoka Kabimba kwa pirogi, amepiga kasia siku nzima pamoja na mwanawe. Akasema, wala hakupaza sauti:

"Samahani, mukubwa. Siku ile watu wote wa mji huu waliuliza kamba ya kunifunga iko wapi. Huyu mama aliuliza saa ni ya wapi. Kama aliitoa mbinguni ile swali, basi asante kwa mbinguni."

Akakaa. Hakuna aliyecheka. Yule bwana alitazama viatu vyake. Mimi, Kasimu, ambaye nimejibu watu katika mji huu miaka yangu yote ya utu uzima, nilikaa pia.

Asubuhi yake nilimkuta kaburini. Alikuwa amekuja na chokaa, chokaa ya tanuru ileile, ameilowesha kwenye ndoo, anapaka. Amelijengea kaburi ukingo wa mawe ili mvua isilichukue, na amelipaka jeupe lote, mara mbili, kwa brashi ya majani. Nilimwomba brashi nyingine. Tulipaka pamoja. Mara moja alinionyesha mahali nilipopaka vibaya. Sasa ukisimama bandarini unaliona kule juu, doa jeupe kwenye udongo mwekundu. Nukta, Yaya. Kwa mtu wa boti ni nukta tu.

Barabara ya kusini ikifunguka nitapanda Kirungu kwa miguu yangu na kumweleza mama yako yote haya kwa mdomo, pamoja na makelele yake, bila kukata. Nakuahidi hilo. Na nakuahidi jina la mtu halitabandikwa ukutani kwangu kabla sijauliza watu waliosimama mbalimbali, na kabla sijauliza saa zao.

Nimeitundika saa yako ya mkononi kwenye msumari, pembeni ya ile ya babu. Ya babu inasema saa kumi na moja. Yako inasema saa kumi. Nimekuandikia nimekaa chini ya zote mbili, na kwa mara ya kwanza katika nyumba hii tunajua ni saa ngapi.

Lala salama, Yaya. Asante. Kesho ni Jumamosi, watoto wananingoja na mahindi wameshakausha. Nitaleta makelele yangu.

Mdogo wako,
Kasimu